Bahasha ya Miaka Minne

Ujumbe wa Queila uliingia wakati Lidiane anafunga fungu la kumi na nne la mawaridi kwenye banda la shamba lao. Mdomoni alikuwa na kamba, mikononi glovu za ngozi, kwa hiyo aliusoma pale pale simu ilipolala juu ya meza, ameinama, nywele zikigusa majani. Kisha akaitoa kamba mdomoni, akavua glovu moja, akausoma tena akiufuata kwa kidole.

Yeye na Queila hawakuwa wamewahi kuonana. Queila aliishi Juiz de Fora na alikuwa anajiandaa kwa mara ya tatu kwa mtihani huo huo wa kuingilia shahada ya uzamili ya uchumi. Mitihani ya miaka iliyopita aliijua jinsi watu wengine wanavyozijua nyimbo za kanisani. Jana yake Lidiane alikuwa ametuma kwenye kundi la watahiniwa picha ya swali moja la takwimu lililomsumbua. Jibu la Queila lilikuwa fupi: swali hilo lilitoka miaka kumi na sita iliyopita, na yeye haelewi kwa nini mtu aliyebakiwa na siku kumi na nane bado anahangaika na vitu vya miaka hiyo.

Lidiane aliingia ndani akarudi na jalada lake la bluu. Mlikuwa na karatasi ishirini na tatu, moja kwa kila Jumamosi tangu mwisho wa Machi. Zote zilikuwa zimekatwa kwa mkasi sehemu ya juu, upana wa vidole viwili, pale panapoandikwa mwaka. Alizipiga picha tano, akazituma. Majibu yakaja moja moja. Miaka tisa. Kumi na mitatu. Sita. Kumi na mmoja. Mitano. Mwishoni Queila akauliza kama anayo ile ya miaka minne ya karibuni, kwa sababu mtindo wa maswali ulibadilika, na hiyo ndiyo inayomwonyesha mtu amesimama wapi.

Lidiane alilipekua jalada lote upya. Hakuwa na hata mmoja.

Mama yake, Bi Zuleide, alikuwa upande wa pili wa meza akiondoa miiba kwa mkasi wa bustani. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mikono iliyozoea baridi ya Barbacena na macho yasiyopitwa na kitu. Aliuliza kuna nini. Lidiane akasema hakuna. Bi Zuleide akaendelea kukata miiba, kwa sababu alijua neno hakuna huwa halikai muda mrefu kifuani mwa binti yake. Halikukaa. Kabla ya fungu la kumi na tano kukamilika, yote yalikuwa yameshasemwa.

"Na nani aliyezikata hizo karatasi?" aliuliza mama.

"Unajua, Mama."

"Najua. Nataka kukusikia wewe ukisema."

Lidiane akavuta kamba nyingine. Aliyezikata ni Anísio.

Mwezi Machi Lidiane alikuwa amezama kwenye mitihani ya mazoezi. Kulikuwa na ile inayouzwa na shule za maandalizi, ile ya bure kwenye mtandao, ile ya kwenye vitabu, na kila mmoja ulidai ndio wenyewe. Alifanya mmoja wenye kuchagua jibu moja kati ya matano, akapata tisini kwa mia, akatembea nyumba nzima akicheka. Anísio, ambaye wakati huo alikuwa tu mwalimu wa hisabati wa shule ya sekondari aliyekuja kununua maua ya kaburi la bibi yake, aliutazama ule mtihani kwa dakika kadhaa akiwa amesimama pale pale bandani. Kisha akasema kwa sauti yake ya chini kwamba mtihani huo unamfundisha kubahatisha. Kwenye mtihani wa kweli kila swali lina kauli tano, na kila kauli unaandika kweli au uongo. Ukikosea, kosa lako linakula jibu moja ulilopata. Ukiacha wazi, hupati wala hupotezi. Mtu aliyejizoeza kubahatisha akifika pale anajiangamiza mwenyewe.

Akajitolea kumchagulia. Sharti lake lilikuwa moja, kwamba Lidiane asiende kutafuta mingine mwenyewe. Lidiane aliahidi, na alilishika neno lake hata siku alizokuwa peke yake na kompyuta. Kila Jumamosi saa nane Anísio alikuja na karatasi moja kwenye mfuko wa ndani wa koti. Kwenye sherehe za Juni walicheza pamoja mbele ya moto, na kuanzia hapo watu wakaanza kuwataja majina yao kwa pamoja.

"Mtihani huo huo yeye alifeli," alisema Bi Zuleide, taratibu, bila chuki. "Miaka miwili iliyopita, mji mzima unajua. Wewe ukipita unaenda chuo cha Recife, miaka miwili. Yeye anabaki hapa na chaki zake. Sasa hebu fikiri mwenyewe, ukifeli anafaidika nani?"

"Anísio hayuko hivyo."

"Pengine hajijui kwamba yuko hivyo. Watu wengi hawajijui."

Hilo ndilo lililomuuma. Kama mama angesema Anísio ni mwovu, Lidiane angecheka. Lakini kijana mwema anayeogopa kuachwa, mkono wake ukachagua karatasi kabla ya yeye mwenyewe kujua kwa nini, hilo liliwezekana. Na baba yake, Bwana Otacílio, ambaye asubuhi hiyo alikuwa amepeleka mawaridi Belo Horizonte, alimpa mwaka mmoja tu. Mwaka mmoja wa kusoma, kisha ofisi ya shamba iwe yake, kwa sababu macho ya baba hayasomi tena herufi ndogo. Hakukuwa na mwaka wa pili. Kama amezoea mitihani isiyofaa, hizi siku kumi na nane hazitoshi kuanza upya.

Saa nane kasoro dakika mbili, Anísio aliingia bandani akikung'uta manyunyu kwenye mabega. Alimsalimu Bi Zuleide kwanza, kama kawaida yake, akamuuliza mgongo unaendeleaje. Bi Zuleide akajibu kwamba mgongo upo. Ndipo akamtazama Lidiane, na tabasamu alilokuwa nalo likasita njiani.

Lidiane alikuwa amezipanga zile karatasi ishirini na tatu juu ya meza, sehemu zilizokatwa zikimwelekea yeye.

"Huu ni wa mwaka gani?" aliuliza, akigusa ya kwanza.

Anísio aliinama kidogo. "Wa miaka tisa iliyopita."

"Na huu?"

"Kumi na sita."

"Na wa mwaka jana uko wapi? Na wa mwaka juzi?"

"Hujaufanya."

"Najua sijaufanya, Anísio. Nakuuliza kwa nini. Napata kumi na moja, napata kumi na mbili, nalala usingizi, namwambia baba yangu asiwe na wasiwasi. Kumbe nafanya mitihani ya watu ambao sasa hivi wana watoto wanaokwenda shule."

Bi Zuleide hakuinua kichwa, lakini mkasi wake ulikuwa umetulia.

Anísio alibaki amesimama. Alikuwa na desturi ya kusubiri mtu amalize, hata akiwa anagombezwa, na desturi hiyo ambayo Lidiane aliipenda siku nyingine zote, leo ilimkera. Alipoona hakuna swali jingine, aliweka mkoba wake wa shule juu ya meza, akaufungua, akatoa bahasha nene ya kaki iliyofungwa kwa utepe wa gundi pande zote nne. Aliigeuza ili Lidiane aweze kusoma. Kwa mwandiko wake wa ubaoni, ulionyooka kama umeandikwa kwa rula, palikuwa na maneno machache: *Ya Lidiane. Miaka minne ya mwisho. Isifunguliwe kabla ya Jumamosi ya pili ya Septemba.* Chini yake tarehe ya Machi.

Jumamosi ya pili ya Septemba ilikuwa leo.

"Hayo ungeweza kuyaandika leo asubuhi," alisema Bi Zuleide.

"Ni kweli, Bi Zuleide. Ningeweza."

"Angalau hakatai," mama alisema, kama anayezungumza na waridi.

Lidiane alitaka kumwamini palepale. Lakini alijizuia, akamwambia aeleze, na aeleze vizuri. Anísio akavuta kreti, akaketi, akaanza kusema huku macho yake yakiwa kwenye mikono yake mwenyewe.

"Miaka miwili iliyopita nilianza na mipya. Karibu kila mtu anaanza nayo. Niliifanya mara moja nikapata tano. Nikairudia nikapata nane. Nikaendelea kuirudia mpaka nikawa napata kumi na tatu, nikadhani nimeijua takwimu. Nilikuwa nimeyajua majibu, basi. Halafu sikuwa na mtihani hata mmoja mpya wa kunionyesha ukweli, kwa sababu yote nilikuwa nimeshaimaliza."

Alisimulia kwamba baba yake alichinja nguruwe wiki moja kabla, akaalika majirani. Kwamba siku ya mtihani aliona maswali asiyowahi kuyaona, akapata hofu, akaogopa kuacha wazi hata kauli moja. Akajaza zote.

"Ulipata ngapi?" Lidiane aliuliza. Hakuwa amewahi kumuuliza. Hakuna aliyewahi.

"Moja nukta nne. Kati ya kumi na tano."

Mashine ya chumba cha baridi ilinguruma nyuma yao, ikanyamaza. Bi Zuleide aliuweka mkasi chini.

"Nilikata miaka," Anísio aliendelea, "kwa sababu ungejua ni wa zamani ungeudharau, na ungejua ni wa karibuni ungeuogopa. Nilitaka uwe unafanya swali tu, bila kuangalia ni la lini. Na hii minne nikaifungia ili ikutane na wewe ukiwa tayari, mara moja tu. Lakini nilipaswa kukuambia. Nilikuwa nakutayarisha kama mtoto wa darasani, nikasahau kwamba wewe ni mtu mzima aliyenipa neno lake. Kwa hilo naomba radhi."

Lidiane alichukua mkasi wa mama yake. Alikata ule utepe upande mmoja, kisha wa pili, akamimina yaliyomo. Karatasi zilitoka zimebanwa kwa pini, juu kabisa mwaka umeandikwa wazi kwa herufi kubwa. Takwimu. Hisabati. Masomo mawili ya uchumi. Alianza kuhesabu, akafika mwisho, akarudi mwanzo.

"Miaka minne, masomo manne. Ziwe kumi na sita," alisema. "Hapa ziko thelathini na mbili."

Anísio akajishughulisha na kufunga mkoba wake.

"Umechapa mbili mbili."

Bi Zuleide alisogea, akazitazama zile karatasi, kisha akamtazama kijana. Rangi ilikuwa imempanda Anísio kutoka shingoni mpaka masikioni.

"Mwalimu," alisema mama, "binti yangu ana macho mawili, lakini anasomea karatasi moja. Hii nyingine ya nani?"

"Yangu."

Alisema kwa sauti ya chini kiasi kwamba Lidiane alilazimika kumtazama midomo. Kisha akaeleza. Machi alichapa mbili mbili bila kujiambia sababu. Julai, siku ya mwisho ya kujiandikisha, saa moja kabla ya kufungwa, alijiandikisha. Kwenye fomu unaandika vyuo kwa mpangilio unaoutaka. Cha kwanza aliandika cha Recife.

"Hukuniambia."

"Sikumwambia mtu. Mara ya kwanza niliwaambia watu wote. Kila nikikuletea karatasi Jumamosi, nyingine ninaifanya mimi Jumapili. Hii ya miaka minne sijaigusa tangu nilipofeli. Wa mwaka jana sijauona hata mimi, zaidi ya kuuchapa nikiwa nimegeuza uso."

Lidiane alijikuta anataka kucheka na kulia kwa pamoja. Miezi miwili alikuwa amejizoeza kimya kimya kumuaga mtu huyu. Alikuwa ameshachagua hata maneno ya kumwambia kwenye kituo cha basi. Na muda wote huo yeye alikuwa nyumbani kwake, mtaa wa pili, Jumapili, akifanya mtihani ule ule ili asiagwe.

Aliinua uso akamkuta anamtazama. Hakuna aliyetazama pembeni.

"Haya," alisema Bi Zuleide, akapiga meza kwa kiganja. "Kutazamana hakuna alama. Kaeni."

Wakamwuliza kukaa vipi.

"Kila mmoja na karatasi yake. Maneno nimeyasikia, ni mazuri. Sasa nataka kuona. Huu wa mwaka jana unachukua muda gani?"

"Saa mbili na robo," alisema Anísio.

Bi Zuleide alikwenda jikoni akarudi na saa yake ya kuokea, ile ya plastiki yenye umbo la kuku, ambayo mwisho wake ni dakika sitini. Akatangaza kwamba atamzungusha kuku mara mbili kamili na mara moja robo. Akachomoa karatasi za majibu sahihi zilizobanwa nyuma ya mitihani, akazikunja, akazitia kifuani. Akawaketisha kwenye kreti ncha mbili za meza, yeye katikati na ndoo ya mawaridi.

Ulikuwa mtihani wa takwimu. Lidiane alisoma swali la kwanza akaona kwamba Queila alikuwa amesema kweli, mtindo ulikuwa mwingine. Maneno mengi, hesabu imefichwa ndani. Alisoma tena. Kwenye usomaji wa pili aliona chini ya maneno yale kitu anachokifahamu. Lilikuwa swali lile lile la miaka kumi na sita iliyopita, lile lililomsumbua, limevaa nguo mpya tu. Akaandika uongo. Akaandika kweli. Akaendelea.

Mara moja tu aliinua macho. Anísio alikuwa ameuma mkono wa shati lake kama mwanafunzi, nywele zimemwangukia usoni, penseli inatembea pembezoni mwa karatasi kwa herufi ndogo ndogo. Hakuwa amewahi kumwona akifanya. Siku zote yeye ndiye aliyefanya na Anísio ndiye aliyesubiri. Mkasi wa mama uligonga meza mara mbili, na Lidiane akarudi kwenye karatasi yake.

Kuku alilia mara ya kwanza, akazungushwa. Akalia mara ya pili, akazungushwa. Manyunyu yaliisha juu ya bati. Alipolia mara ya tatu, Anísio aliomba sekunde moja amalizie.

"Muda umekwisha," alisema Bi Zuleide. "Huko Recife watakupa sekunde?"

Wakabadilishana karatasi ili kila mmoja asahihishe ya mwenzake. Bi Zuleide alileta kahawa na mikate midogo ya jibini iliyotoka tanuruni, akavaa miwani, akaanza kusoma majibu kwa sauti ile ile anayosomea orodha ya wateja. Kweli. Uongo. Uongo. Kweli. Uongo. Hakuelewa hata neno moja la maswali, lakini kila alipoona kalamu ya Anísio ikiweka mkato kwenye karatasi ya binti yake, sauti yake ilisita kidogo.

Walipofika kauli ya sabini na tano, Anísio alihesabu. Akahesabu tena. Lidiane alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili bila kunywa.

"Umejaza sitini na tatu," alisema Anísio. "Umepata hamsini na mbili, umekosa kumi na moja. Kumi na moja zinakula kumi na moja, zinabaki arobaini na moja." Akagawanya kwa tano kwenye pembe ya karatasi. "Nane nukta mbili."

"Nane nukta mbili ni nini?" aliuliza Bi Zuleide, haraka.

"Mama." Lidiane aliweka kikombe chini. Alijua tarakimu za Recife kama anavyojua namba ya simu ya nyumbani. "Mwaka jana wa mwisho kuingia kile chuo alikuwa na wastani wa saba."

Bi Zuleide alivua miwani, akaifuta kwa aproni, ingawa haikuwa chafu. Kisha akasema kwamba kahawa inapoa, na kwamba mtu anayekaa na kikombe bila kunywa anamtukana aliyeipika. Lidiane akanywa. Ilikuwa tamu kupita kiasi, kama kawaida ya mama, na hakuwahi kunywa kahawa nzuri kama ile. Hakuwa amepotezewa mwaka. Mwaka wake ulikuwa pale, kwenye ile nane, na kwenye vile vitendawili vyote vya zamani vilivyokatwa vichwa.

"Yangu?" aliuliza Anísio.

Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ila aliuliza akiwa ameitazama ndoo. Lidiane alivuta karatasi.

"Umejaza arobaini na nne. Umekosa tatu tu." Alihesabu. "Saba nukta sita."

Anísio alishusha pumzi ndefu. Alisema inatosha, inakaribia, kwamba zimebaki siku kumi na nane. Lakini Lidiane hakuwa akimsikiliza. Alikuwa anaangalia pembezoni mwa ile karatasi, pale penye herufi ndogo za penseli.

"Hizi ni nini?"

"Hesabu za pembeni tu."

"Swali la saba, kauli ya pili. Hapa umeandika kweli, kwa penseli, na hesabu yote iko hapa, sahihi. Kwenye jibu umeacha wazi."

"Sikuwa na uhakika."

"Na hii? Na hii? Mama, nisomee tena, kuanzia saba."

Bi Zuleide akasoma tena. Lidiane alifuata zile herufi za penseli moja baada ya nyingine, akiweka alama kwa kalamu yake. Kulikuwa na kauli kumi na tisa ambazo Anísio alizifikiria, akazijibu pembeni, kisha akaziacha wazi. Kati ya hizo kumi na tisa, alikuwa amekosea nne.

"Kumi na tano ulizijua," alisema. Alikuwa na hasira ya ajabu, hasira yenye huruma ndani. "Ukitoa zile nne, unaongeza kumi na moja. Inakuwa tisa nukta nane. Umenishinda mimi, Anísio. Una tisa nukta nane kichwani, na unataka kuwapelekea saba."

Anísio alichukua karatasi ile, akaitazama kwa muda mrefu, kama mtu aliyeonyeshwa picha yake iliyopigwa kwa nyuma. Akakiri kwamba tangu ile moja nukta nne, mkono wake hukataa. Kichwa kinajua, mkono unakataa.

"Basi kuanzia kesho mkono nitausimamia mimi," alisema Lidiane. "Wewe umenichagulia mitihani miezi sita. Zamu yangu. Kila utakachoandika pembeni, utakiandika na kwenye jibu. Sharti langu ni hilo moja."

Anísio alicheka. Ni kicheko ambacho Lidiane alikuwa hajawahi kukisikia, cha mtu aliyetua mzigo akagundua kwamba mabega bado ni yake. Mkono wake ulikuwa juu ya meza, karibu na wa Lidiane, na mara hii haukukataa. Vidole vyao vikafumbatana kati ya majani na miiba iliyokatwa.

Bi Zuleide alikohoa.

Alikuwa amemshika kuku. Alimzungusha polepole, akamweka katikati ya meza, mbele ya Anísio.

"Kuna na mimi swali langu," alisema. "Uliliacha wazi tangu Juni. Mlicheza mbele ya moto, mji mzima ukaona, mimi nikangoja Julai, nikangoja Agosti. Leo nimekudhania vibaya na sitakuficha. Lakini kudhaniwa vibaya unakutaka mwenyewe, kwa kuacha nafasi tupu. Una dakika tatu."

Lidiane alitaka kumwambia mama aache. Hakuweza. Alimtazama Anísio akimtazama kuku, na midomo yake ikianza na kusita, na aliona jinsi jibu lilivyokuwa limeandikwa usoni mwake kwa penseli miezi yote hii.

Dakika ya kwanza ikapita. Ya pili ilipofika katikati, Anísio alisimama, akanyoosha koti lake lenye unyevu.

"Bi Zuleide, nampenda binti yako na ninataka kumuoa. Nilikuwa nasubiri nifaulu kwanza ndipo niseme. Sasa nasema kabla. Nataka hivyo hata tukifeli wote wawili, hata akipita yeye nikabaki mimi. Nikibaki, nitamngoja."

"Mbona unaniambia mimi?" alisema Bi Zuleide. "Karatasi si yangu."

Anísio akageuka. Lidiane alikuwa ameshasimama. Alikuwa na maneno mengi aliyoyatayarisha kwa ajili ya kituo cha basi, na hakuna hata moja lililofaa. Alivuta karatasi ya Anísio, akashika kalamu, na pale juu kabisa, kwenye upana wa vidole viwili ambao safari hii hakuna aliyeukata, akaandika neno moja, *kweli*, akamgeuzia asome.

Kuku akalia. Hakuna aliyemzima.

"Wekeni kalamu chini," alisema Bi Zuleide, lakini alikuwa ameshawapa mgongo, anatafuta pembe safi ya aproni ya kufutia macho. Alipomaliza alizikusanya karatasi zilizobaki, akazirudisha zote kwenye bahasha, akaikumbatia kifuani.

"Kesho saa nane, hisabati," alisema. "Asichelewe mtu."